Springi za Gari la Mzee wa Kalamba

Mume wangu alianguka akiwa ameshika koleo. Alikuwa anatoa bamba la chuma motoni, akaniambia mkono wake wa kulia umekufa ganzi, na kabla sijamuuliza ganzi ya nini, bamba lilikuwa chini na yeye yuko chini kando yake. Nilimvuta kwa shati ili asilale karibu na chuma chekundu. Tangu asubuhi ile hajafua springi tena.

Gereji yetu iko Kabati, kando ya barabara, na nyumba yetu iko nyuma yake. Kazi yetu ilikuwa springi tu: za malori ya mchanga, za pikapu za kubeba maembe, za mikokoteni ya punda. Yeye alifua, mimi niliendesha moto na kuongea na wateja. Kabla umeme haujafika nilikuwa nazungusha feni ya moto kwa mkono, na baada ya umeme kufika nilibaki pale pale, nikiangalia rangi ya chuma na kumwambia, "Sasa." Kwa hiyo kazi nilikuwa naijua kwa macho. Mikono yangu haikuijua.

Hospitalini walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani upande wa kulia hauna nguvu, na maneno yake yakawa yanatoka moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye ndengu. Alikuwa mtu wa kelele. Wateja walimpenda kwa utani wake. Sasa alikaa kwenye kiti cha magurudumu ambacho kanisa lilitutafutia, uso umeelekea ukutani, na ukimgeuza aangalie mlango alikuwa anafunga macho.

Mvua mbili zilikuwa zimekosa kunyesha vizuri. Shambani hakukuwa na kitu. Watoto wetu wawili wako kazini mbali, wanatuma kile wanachoweza, na hakitoshi. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alianza kupita gerejini mara kwa mara. Alikuwa akigusa fuawe, lile chuma zito tunalofulia juu yake, akiinua nyundo, akiuliza kama jiliwa la kubania chuma bado linakaza vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaona kile ambacho kila mtu alikuwa anaona.

"Shemeji," aliniambia siku moja, "vyuma havitibu mtu. Kuna mtu wa kununua vyote mara moja. Umtafutie ndugu yangu dawa."

Nilimwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshakubali moyoni.

Ndipo mzee wa Kalamba akaja kumwona mgonjwa. Huyu mzee alikuwa ametuletea gari kabla mume wangu hajaugua, gari la zamani sana, kati ya yale ya kwanza kabisa kufika huku kwetu. Lilikuwa na magurudumu ya spoku za mbao, taa za shaba, na paa la turubai linalokunjwa. Baba yake alikuwa dereva wa mmisionari, na mmisionari alipoondoka akamwachia. Lilikaa miaka mingi kwenye banda la kuku huko Kalamba. Injini mzee mwenyewe aliifufua, maana alikuwa fundi wa matrekta hadi alipostaafu. Springi ndizo zilizomshinda. Zilikuwa zimeliwa na kutu, nyingine zimevunjika vipande, na hakuna duka duniani la kwenda kuuliza springi za gari kama lile. Mume wangu alizitoa zote, akamwahidi atazitengeneza upya. Sasa gari lilikuwa limesimama juu ya magogo chini ya mabati yetu, na springi zake zimelala sakafuni kama mbavu za ng'ombe.

Mzee alikaa na mume wangu kwa muda, akamshika mkono ule mzima, akaomba. Halafu akatoka nje.

"Nau," nikamwambia, maana hivyo ndivyo Kikamba tunavyomwita baba, "tafuta lori ubebe gari lako. Fundi hayuko tena."

"Hayuko wapi? Si nimemwacha hapo ndani anakunywa uji?"

 Akaliangalia gari, akaniita mama kwa Kikamba, akaniambia bila haraka:

"Mwaitu, mimi nina dada yangu huko Kanyangi. Ni mtu wa kitandani sasa. Kwa mama yetu tumebaki sisi wawili. Tulikuwa tunabebwa na hili gari kwenda kanisani, baba akiendesha, yeye amenishika nisianguke. Nataka nilipeleke mpaka mlangoni kwake, akae ndani kidogo. Basi. Baada ya hapo hata likivunjika sitalia."

"Lori si linaweza kulibeba mpaka Kanyangi?"

"Linaweza. Lakini hiyo itakuwa kubeba maiti."

Sijui ni nini kilinifanya niseme nitajaribu. Nafikiri nilikuwa nimechoka na ule ukimya. Nilidhani pia kwamba mume wangu akisikia nyundo atageuza uso wake.

Nilianza vibaya. Nilichukua mabamba ya springi za lori, ndiyo tuliyokuwa nayo mengi, nikayakata kwa vipimo vya yale ya zamani. Yalikuwa manene mara mbili ya yale ya gari, na nilijiambia unene ni nguvu. Shemeji alinisaidia kupinda masikio mawili ya bamba la juu, kule inapopita pini ya kushikia springi. Hakutaka, lakini hakuweza kuniangalia nikihangaika peke yangu na chuma chekundu. Tukafunga. Mzee akaja, akaliwasha, tukaenda nalo mpaka nyuma ya soko na kurudi. Gari halikubonyea hata kidogo. Lilirukaruka kama mbuzi. Kila shimo lilipita moja kwa moja hadi kwenye fremu, na kabla hatujafika nyumbani kishikio cha springi cha mbele kiling'oka pamoja na kipande cha fremu yenyewe.

Mzee alishuka, akainama kuangalia, akasema tu, "Hizi ni za kubeba mchanga, mwaitu. Hili gari ni jepesi."

Niliingia ndani kumweleza mume wangu. Nilimwekea kipande cha springi ya zamani mapajani, nikamuuliza unene gani, mabamba mangapi, moto wa namna gani. Nilipiga magoti mbele yake kama mtoto wa shule.

"Niambie hata neno moja, baba watoto. Nitaelewa."

Alikiangalia kile chuma kwa muda. Halafu akakisukuma kwa mkono wa kushoto, kikaanguka, kikanipiga kidoleni.

"Acha," alisema. "Wewe... acha."

Nililia jikoni ili asinisikie, halafu nikapika.

Fremu tuliilehemu, na mara ya pili nilitumia mabamba membamba ya pikapu ndogo, nikaongeza idadi, yakawa sawa na ya zamani. Kwenye simu nilitafuta watu wanaoonyesha kazi hii. Niliona wazungu na mitambo mikubwa, tanuri zenye saa, mafuta yenye vipimo. Mimi nilikuwa na makaa, feni, na pipa la oili chafu. Nilichokijua ni kwamba chuma kikifikia wekundu ambao sumaku haikishiki tena, unakizamisha kwenye oili, kinakuwa kigumu. Hilo nilifanya. Kukirudisha motoni baadaye hukilegeza kidogo, nami niliogopa kulegeza, kwa hiyo mabamba niliyarudisha kidogo sana. Niliyagonga, yakalia kama kengele. Nilifurahi mno. Nilikuwa natafuta ugumu, na sikujua kwamba hapo ndipo nilipokosea.

Mzee alitaka kulijaribu mbali kidogo. Nilikaa kando yake. Gari lilikwenda vizuri, likibonyea na kuinuka kama linapumua, na mzee alikuwa anatabasamu akiangalia barabara. Tulishuka kwenye mto mkavu wenye mchanga, magurudumu ya mbele yakagonga jiwe la upande wa pili, nikasikia mlio mkali kama fimbo kavu inavunjwa gotini. Bamba la juu lilikatika. Gari lilikaa upande mmoja ghafla, mzee akatupwa juu ya usukani.

Alivunjika mbavu. Alikuwa mweupe midomoni na hakulalamika. Niliita watu waliokuwa wanachimba maji kwenye mchanga, wakambeba hadi barabarani, tukapata gari la kutupeleka hospitali. Njia nzima alikuwa ameshika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa baridi. Nilikuwa naomba kwa sauti, Kikamba na Kiswahili vimechanganyika, sijui nilisema nini.

Alilazwa. Mwanawe wa kike alikuja kutoka Kalamba, akanikuta kwenye benchi. Hakunitukana. Aliniuliza, "Mama, wewe ni fundi kweli?"

"Hapana," nikamwambia.

Akaondoka kuingia wodini.

Nilipofika nyumbani, shemeji alikuwa amekaa gerejini na mtu wa kununua vyuma. Walikuwa wameshatoa fuawe nje, imelala kwenye vumbi. Yule mtu alikuwa mpole, akanipa pole ya mgonjwa. Niliangalia fuawe, nikaangalia dirisha la nyumba, mume wangu alikuwa pale ndani na uso wake ukutani. Nikafikiri: huyu mtu akibeba hivi vitu, kesho nitaamka nifanye nini? Nitamgeuza kitandani, nitampa uji, nitakaa. Kesho kutwa vivyo hivyo. Sikuona mwisho wake. Nilitamani kulala chini pale pale kando ya fuawe na nisiamke, na sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Hivyo ndivyo nilivyotaka.

"Ngoja kwanza," nikamwambia shemeji. "Niache nijue ni kwa nini ilivunjika. Nikishajua, utauza."

"Ukijua itakusaidia nini?"

"Nataka kujua tu."

Yule mnunuzi akaondoka akisema atapita tena. Fuawe ikabaki nje.

Lile bamba lilikuwa bado kwenye gari, na gari lilikuwa bado mtoni. Tulilivuta kwa trekta la jirani. Nikalitoa bamba, nikakaa juani na vipande viwili, nikaviangalia pale palipovunjika. Kwanza niliona chembechembe tu, kijivu zinazong'aa kama chumvi ya mawe. Kisha nikaona kwamba ukingoni, upande wa juu, kulikuwa na doa dogo jeusi lenye umbo la ukucha. Nililipangusa. Lilianzia kwenye alama ya nyundo, kovu dogo ambalo mimi mwenyewe nililiacha nikilikunja sikio. Ufa ulikuwa umeanzia hapo kabla ya siku ile, pengine tangu nilipolizamisha kwenye oili. Chuma kilikuwa kigumu mno hata hakingeweza kustahimili kovu.

Nikaenda kwenye springi za zamani, zile zilizokuwa sakafuni, nikaanza kuzitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayezisoma. Zilikuwa na kutu lakini kingo zake zote zilikuwa zimeviringwa. Hakuna pembe hata moja. Ncha za mabamba mafupi zilikuwa zimepunguzwa unene polepole, zisiume bamba la juu yake. Bamba la pili lilikuwa refu kiasi cha kushika sikio la lile la kwanza kwa chini. Na nilipolinganisha mikunjo, nikaona kila bamba fupi limepindwa zaidi kuliko lile refu lililo juu yake, hivyo ukiyabana kwa bolti yanakazana yenyewe kwa yenyewe, na hakuna linaloachwa kubeba mzigo peke yake. Nilikuwa nimeyapinda yote sawasawa. Mtu aliyezichora springi zile alikuwa amewaza juu ya kila inchi yake, na mimi nilikuwa nimenakili urefu, unene na idadi tu.

Shemeji alinikuta nikiwa nimezipanga chini zote. Nilimwonyesha. Alikaa kitako mchangani, akaziangalia kwa muda mrefu, kisha akainuka na kuirudisha fuawe ndani.

Tulianza tena. Kila bamba nililisugua kwa tupa na msasa mpaka nikipitisha kitambaa cha pamba hakishiki popote. Tundu la katikati, la bolti, nililiviringa kingo zake, kwa sababu hapo ndipo chuma kimepungua. Bamba moja lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele ambao haukuonekana mpaka nilipolipaka oili na kulipangusa, oili ikabaki ndani ya mstari. Nililitupa. Baada ya kuyazamisha, niliyarudisha motoni kwa upole na kuyajaribu kwa kijiti kikavu: nilikuwa nakisugua juu ya bamba, kikianza kutoa moshi na cheche ndogo, basi, nalitoa lipoe lenyewe. Kama moshi haujatoka, bado. Nilichoma vidole vyote. Makaa yaliisha mara nyingi, na mara nyingine nilikuwa nakaa tu mbele ya jiko lililopoa nikijiuliza ni nani ananisukuma. Kati ya bamba na bamba nilipaka grisi nyingi. Nilipoyabana yote, nilisikia yanavyokaa, taratibu, moja juu ya jingine.

Mzee alitoka hospitali akiwa amefungwa kifua. Mwanawe alikuja naye, akasimama mbali na gari kama mtu anayesimama mbali na mbwa.

"Baba hatapanda," alisema.

"Nitapanda mimi kwanza," nikamwambia. "Shemeji ataendesha. Tutapita pale pale."

Tulipita pale pale. Tulishuka mtoni, tukagonga jiwe lile lile, tukarudi, tukagonga tena. Nilikuwa nimeshika mlango wa mbao kwa mikono miwili na nimefunga macho. Kila mara nilingoja ule mlio. Haukuja. Kwenye ukingo wa mto yule binti alikuwa amekaa chini na kichwa kati ya magoti, na mzee amesimama kando yake, akiangalia magurudumu.

Tulikwenda Kanyangi asubuhi, polepole, na pikapu ya binti ikitufuata. Barabara ilikuwa ya vumbi na matuta madogo madogo, yale yanayotikisa meno. Dada wa mzee alibebwa nje na wajukuu, mwembamba kama kitenge kilichoanikwa, wakamweka kwenye kiti cha nyuma. Mzee akapanda kando yake, shemeji akawazungusha kwenye uwanja, mara moja, kisha mara nyingine kwa sababu mama yule alikataa kushuka.  Alikuwa amemshika kaka yake begani, kwa nguvu, kama mtu anayezuia mtoto asianguke. Mzee alikuwa analia. Binti yake aliniletea chai, akakaa kando yangu, akaniambia pole kwa lile swali la hospitalini. Nikamwambia lilikuwa swali zuri.

Nilirudi nyumbani kabla jua halijazama. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu ugonjwa uingie. Niliingia moja kwa moja chumbani, hata viatu sikuvua.

Mume wangu alikuwa amegeuza kiti chake kuelekea mlangoni. Alikuwa ananingoja. Macho yake yalikuwa wazi kabisa.

"Ime... vunjika?" aliuliza.

"Haijavunjika. Imekwenda na kurudi."

Niliuona uso wake ukianguka. Siwezi kueleza vingine. Upande ule mzima wa uso ulilegea ukawa sawa na ule mgonjwa. Ndipo nilipoelewa kwamba siku nzima alikuwa amekaa pale akitumaini ivunjike. Aligeuka ukutani mwenyewe, akisukuma gurudumu kwa mkono mmoja, kiti kikazunguka vibaya na kugonga kitanda.

Nilikaa sakafuni. Furaha yote ilinitoka. Nilikuwa nimetengeneza kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na kwa kukitengeneza nilikuwa nimemwonyesha mume wangu kwamba dunia inaweza kuendelea bila yeye.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Alikataa chakula. Uji ulitoka mdomoni ukashuka kwenye shati. Wamama wa kanisa walikuja kuimba na kuomba, akafunga macho mpaka wakaondoka. Daktari wa zahanati aliniambia akiendelea hivyo mwili wake utashindwa. Wateja walianza kurudi gerejini kwa sababu habari ya gari la mzee ilikuwa imeenea, nami niliwafukuza. Sikuthubutu kugonga chuma akisikia.

Mwishowe nilimbishia. Sikutumia maneno mazuri. Nilisimama kati yake na ukuta.

"Unataka niseme ilivunjika? Basi ilivunjika. Ya kwanza iling'oa fremu. Ya pili ilivunja mbavu za mzee wa watu, na wewe ulikuwa hapa, ukanirushia chuma. Nilikuomba neno moja. Ulikuwa nalo ukaninyima. Sasa unataka kufa uniachie na mzigo huo pia?"

Alinitazama kwa hasira kubwa. Ilikuwa hasira ya mtu aliye hai, na nilimshukuru Mungu kwa kuiona.

"Sina," alisema. Akahangaika, mate yakamtoka. "Neno... sina. Nilitafuta. Ha... hakuna."

Nilikuwa nimedhani anajua na amekataa kuniambia. Kumbe alikuwa ametafuta kichwani mwake kazi ya maisha yake yote na hakuiona, na badala ya kunionyesha pale mahali patupu, alisukuma chuma. Nilimshika kichwa. Tulilia pamoja mpaka shemeji alipobisha hodi kuuliza kuna nini.

Jioni ile alikula vijiko vichache. Kesho yake vichache.

Sisemi kwamba amepona. Mkono haujarudi, na kuna wiki ambazo anarudi ukutani na hakuna kinachomtoa huko. Mzee wa Kalamba alimzika dada yake msimu uliofuata, na alikwenda kwenye mazishi kwa gari lile. Mimi nafua na shemeji, malori kwa pikapu, na fuawe haijauzwa.

Juzi nilikuwa nakunja sikio la springi ya lori, nimechoka, nagonga tu. Kutoka dirishani nilisikia sauti yake, nzito na ya kukwama.

"Baridi," alisema.

Nilisimama na nyundo juu. Niliangalia chuma. Kweli wekundu ulikuwa umekwisha kutoka.

"Umesema nini?" nikamuuliza.

 Nilingoja, na nilipochungulia alikuwa amefunga macho. Nikalirudisha bamba motoni.